Kifurushi Kilichohitaji Ardhi

Asubuhi kihenge cha nafaka kilipoingia dukani, Okwera alikuwa akiondoa michezo ya karata kwenye mfumo ili apate nafasi ya programu ya hesabu.

Duka lilikuwa la Ondiek, Mjaluo kutoka Siaya aliyeuza kompyuta kuukuu Namuwongo, mjini Kampala. Lilikuwa na chumba cha mbele cha wateja na chumba cha nyuma cha kazi, tena lilikuwa karibu na reli kiasi kwamba treni ya mizigo ikipita bisibisi zilijisogeza zenyewe mezani. Okwera alikuwa amemaliza chuo mwaka uliotangulia. Aliamini kwamba hakuna kompyuta iliyozeeka, ila kuna iliyobebeshwa mzigo usio wake. Kwa hiyo alichukua Linux, mfumo unaotolewa bure na unaomruhusu mtu yeyote kuufungua na kuupanga upya, akaanza kutengeneza wa kwake: anatoa vifurushi visivyohitajika, anaweka vinavyohitajika, na mwisho wote anauchoma kwenye CD moja. Aliuita Nyim, yaani ufuta kwa Kiacholi, kwa sababu ulikuwa mdogo na alitumaini ungetoa mafuta mengi.

Kila kifurushi cha programu kina mstari mmoja unaotaja kinavyovitegemea. Mfumo haukiweki mpaka kwanza uvilete hivyo, navyo huja na vyao, hadi mwisho wa mnyororo. Okwera aliupenda sana mstari huo. Aliuona kuwa ndicho kitu cha kweli kuliko vyote alivyofundishwa chuoni.

Nyim ilikuwa ya shule moja ya msingi huko Kisugu. Mwalimu mkuu, Bi Fatumah, alikuwa na watoto wengi wa askari waliotoka kaskazini, na aliomba kompyuta zake ziwe na kamusi ya Kiacholi, ili mtoto akikosea kuandika neno la nyumbani aonyeshwe. Kamusi ya namna hiyo haikuwapo. Okwera akaikusanya kwa mama yake.

Mama yake, Acen, alikuwa mjane wa koplo. Wakati wa vita vya kaskazini watu wa kijiji chao waliamriwa kuhamia kambini, na kutoka kambini yeye alikuja Kampala akimshika Okwera mkono. Mwaka huo kambi zilikuwa zikifungwa na watu wakirudi kwao. Acen hakuwa amerudi. Kwenye ardhi ya mumewe, karibu na mto Aswa, walikuwa wakilishwa ng'ombe wa Meja Obwona, na ng'ombe hao walikuwa na uzio na mlinzi mwenye bunduki. Kila mvua za kupanda zilipokaribia, Acen alilala vibaya, akaamka, akafagia barazani pasipo na taka, akauliza, "Bado?" Na Okwera alijibu, "Bado, Mama."

Acen hakuweza kutoa neno likiwa peke yake. Okwera alimwuliza neno la kihenge, naye akasema, "Dero. Lakini andika, dero haikai bila mawe yake ya chini. Mchwa itakula." Mawe nayo? "Mawe iko katika ua. Utaweka barabarani?" Na ua? Mama yake alimwangalia kama mtu aliyeuliza maji yanakaa wapi. "Ua iko katika ardhi yetu, Okwera."

Mtu mwingine angeyaacha hayo. Okwera aliyaandika yote, kila neno na kitegemewa chake, kwenye ule mstari alioupenda.

Basi asubuhi ile alipoamuru kamusi iwekwe, mfumo ulisema unaleta vinavyotegemewa, na kihenge kikawa kimesimama katikati ya chumba cha nyuma, juu ya mawe matatu, kimekandikwa udongo na samadi ya ng'ombe, kofia yake ya nyasi ikigusa dari. Ondiek aliingia na kikomando chake, maharage na chapati iliyokatwakatwa ndani ya mfuko, akakizunguka.

"Omera, ndugu yangu, hii kitu imeziba njia ya choo."

"Ni kamusi," Okwera akasema. "Bado inaendelea."

Ondiek akakigonga kwa kifundo cha kidole. "Hii ni dero. Hata sisi tunaita dero. Tofauti ni kwamba yetu haiinami kama mlevi." Akala kikomando chake akiwa ameegemea upande ulioinama, kusudi kionekane kimenyooka.

Hadi saa ya chakula cha mchana vilikuwa vimekuja jiwe la kusagia, jogoo, na moto wa uani na magogo ya kukalia. Kisha ukaja ua wenyewe, umefagiwa, mistari ya ufagio bado ikionekana. Ulienea chini ya meza na kompyuta bila kuzisogeza, ukatoka kwa mlango wa nyuma, ukaishia kwenye mtaro. Wateja waliingia, wakaruka moto, wakauliza kuhusu vipanya na chaja. Mmoja aliuliza kama jogoo anauzwa.

Okwera alimpigia mama yake simu. Acen alikuja kwa miguu kutoka Kisugu, akavua viatu alipofika ukingoni mwa ua, akapitisha kiganja kwenye ubavu wa kihenge. "Udongo imepasuka hapa," akasema. "Tangu ile mwaka. Nilisema nitaziba." Akatafuta maji, akaziba. Kisha akakaa kwenye gogo, na kwa mara ya kwanza tangu Okwera apate akili, hakuinuka tena kutafuta ufagio.

Ndipo mfumo ulipokwama. Uliandika kwamba kamusi inahitaji ardhi, na ardhi haipatikani. Okwera aliutuma kwenye hazina zote za vifurushi alizozijua, ya Afrika Kusini, ya Ujerumani, ya Japani. Huko kulikuwa na vifurushi kwa maelfu, vya kuchora ramani, vya kupima nyota, vya kupiga ngoma. Ardhi haikuwapo. Na kwa kuwa mfumo hauendelei na jambo jipya wakati la kwanza limeachwa nusu, ulikataa pia programu ya hesabu, ukakataa ya kuchapa, ukakataa kila kitu.

"Toa hiyo kamusi," Ondiek akasema. "Bi Fatumah anakuja Ijumaa. Ukitoa, si na hii shamba inaondoka?"

"Ndiyo. Ukitoa kifurushi, vilivyokuja nacho vinaondoka."

Wote wawili wakatazama uani. Acen alikuwa ameshapika. Moshi ulipita katikati ya kompyuta ukatokea dirishani, kwa utaratibu, kama unaoijua njia.

"Basi tafuta hiyo ardhi," Ondiek akasema, sauti imeshuka. "Lakini haraka, omera. Mimi ni mfanyabiashara."

Okwera alipanda kilima cha Mbuya. Meja Obwona alikuwa amestaafu, akiishi katika nyumba yenye bustani na mbwa wawili wapole. Alimpokea vizuri, akamwagizia soda. Okwera alisema amekuja kuhusu ardhi ya baba yake, Koplo Komakech, karibu na Aswa, kwa sababu mama yake anataka kupanda, na pia kuna kompyuta imekwama.

"Namkumbuka Komakech," Meja akasema. "Askari mzuri sana. Lakini kijana, nitakuambia ukweli. Mimi nilikuta ile mahali haina mtu."

"Haikuwa na mtu kwa sababu mlituambia tutoke, afande."

"Eeh, hiyo pia ni kweli." Meja alikunywa soda yake. Hakukasirika. "Sasa kama ni ardhi yenu, mbona hamkuwa hapo?"

Okwera aliweka soda yake chini. Chuoni alikuwa ameamini kwamba mtu akionyeshwa pengo lilipo atalijaza, kwa sababu pengo halipendezi. Alimwambia Meja kwamba ni mfumo mzima umekwama kwa jambo hilo moja. Meja alitikisa kichwa kwa huruma, akauliza kama mfumo huo unaweza kuifaa kompyuta ya bintiye iliyokuwa nzito kama tingatinga. Okwera akasema unaweza, ukikamilika. "Basi ukikamilisha uniletee," Meja akasema, akamsindikiza mpaka getini.

Kuna njia moja ambayo watengenezaji wa mifumo huijua na huitumia wakiwa wameshindwa. Mtu hutengeneza kifurushi kitupu. Ndani hakuna chochote, ila juu yake huandikwa jina la kile kinachokosekana. Mfumo husoma jina, haufungui ndani, na huridhika.

Okwera alikaa na wazo hilo Alhamisi nzima. Alitoka nje, akarudi, akasimama kwenye reli, akarudi. Hatimaye akamweleza mama yake.

"Kwa hivyo utaandika 'ardhi'," Acen akasema, "na hakuna ardhi."

"Ndiyo, Mama."

"Hata wao, serikali, waliandika 'kurudi'. Watu wetu walipewa jembe na sufuria, wakaambiwa mmerudi." Aligeuza gogo motoni. "Na ukikataa?"

"Nitatoa kamusi. Hivi vyote vitaondoka."

Acen aliangalia kihenge, udongo mpya bado ukiwa na rangi ya giza pale alipoziba.

"Fanya," akasema. "Lakini usiniambie nimefika."

Okwera alitengeneza kifurushi kitupu, akakiita ardhi. Mfumo ulikikubali mara moja. Kamusi ikakamilika, hesabu ikaingia, ya kuchapa ikaingia, na mistari yote ikaandika sawa, sawa, sawa. Wakati huohuo kihenge kiliinuka kutoka sakafuni kiasi cha shubiri moja, kikatulia hewani. Mawe matatu yaliinuka nacho. Ua wote uliinuka, na moto, na magogo, na jogoo, ambaye aliangalia chini kidogo kisha akaendelea kutafuta punje.

Ondiek aliinama akachungulia chini yake. "Angalau sasa naweza kufagia," akasema.

Ijumaa Bi Fatumah alikuja, akajaribu kamusi kwa neno ambalo alikuwa akilikosea miaka yote, ikamsahihisha. Alifurahi mno, akamshika Okwera mikono yote miwili. Nyim ikawekwa kwenye kompyuta za shule, na huko nako kihenge kikatokea katika chumba cha walimu, shubiri moja juu ya saruji. Walimu walitundika makoti yao humo. Watoto wa askari walijifunza kuandika dero bila kukosea. Wakati wa mapumziko walipitisha mikono chini yake, upande hadi upande.

CD zilinakiliwa. Dukani watu waliulizia ile Linux yenye kihenge. Ondiek, aliyekuwa mtu wa kweli, alimwambia kila mteja mapema kwamba kitu hicho hakigusi chini na hakina dhamana.

Acen alihamia chumba cha nyuma. Akiwa kwenye ua wake miguu yake haikufika sakafuni, na viatu vyake havikulika soli. Alipanda ulezi pembeni mwa ua, ukaota, ukafika urefu wa kidole, mizizi ikaning'inia chini yake kama nyuzi, ukanyauka. Akapanda tena. Treni ilipopita, ua wote uliteleza kuelekea reli, kwa hiyo Okwera alifunga kihenge kwa kamba kwenye nondo za dirisha. Mvua za kupanda zilipokaribia Acen alianza tena kulala vibaya. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Ila hakuuliza tena "Bado?", na Okwera, aliyekuwa ameuzoea wasiwasi wa swali lile, alijikuta akilijibu peke yake.

Alikuwa amempelekea Meja Obwona CD yake, kwa sababu aliahidi. Alasiri moja Meja alipiga simu.

"Kijana, kompyuta ya binti yangu sasa inakimbia. Na hiki kihenge ni kizuri sana. Mke wangu ameweka taa ndani. Lakini hakishuki. Tumejaribu kuweka mizigo juu, bado. Haina dawa?"

"Ipo, afande," Okwera akasema. "Kinahitaji ardhi."

Nyuma ya Meja zilisikika sauti za wageni, na mtu akicheka.

"Basi," Meja akasema, "kiache hivyohivyo."

Okwera aliweka simu mezani. Kutoka uani mama yake aliuliza ni nani aliyepiga.

"Meja Obwona."

"Amesema nini?"

"Amesema ni kizuri sana."

Treni ilikuwa inakuja. Acen aliweka ufagio chini, akashika kamba kwa mikono miwili, akasubiri ipite.