Kebo Nne za Bunda Moja

Wabebaji ni wanne, mwenye mzigo akichungulia anamwona mmoja. Ni nini? Aliyeshindwa asitoe mji, asome tu.

Aryemo, binti wa sajini mstaafu wa kambi ya jeshi ya Mbuya, jibu alilijua kwa mikono yake. Alifanya kazi katika chumba baridi ambamo picha za eksirei za kliniki kumi na tatu zinahifadhiwa. Humo mna swichi mbili za mtandao, moja ya upande wa kompyuta, nyingine ya upande wa diski. Kati yake zimepita kebo nne, zimefungwa bunda kwa amri ya kompyuta, si kwa kamba. Picha hupita katika zote nne, lakini mashine huona njia moja pana.

Jumatatu asubuhi, kliniki zilipofunguliwa, picha zikaanza kujikokota. Husnah, mkuu wa ofisi, akaingia na simu mbili, zote zinalia.

"Nani kagusa?"

"Si huyo hapo," Wandera akasema bila kugeuka. Wandera alitoka Busia ya Kenya, ana miaka sita kazini, na ufunguo wa kabati la swichi ulining'inia shingoni mwake kama hirizi. "Yeye ndiye aliyeandika amri siku ya Ijumaa. Nilisema mimi: mtoto wa kambi mpe bunduki, usimpe kompyuta."

"Bunduki alikuwa nayo baba," Aryemo akajibu. "Mimi nina macho."

"Macho ya kuku. Jua likizama, hayaoni."

Husnah hakucheka. "Aryemo, wewe bado uko kwenye majaribio. Saa saba ikifika picha hazipiti, kitambulisho uache hapo mezani."

Aryemo akakaa kwenye kompyuta. Bunda liko hai, swichi ikasema. Wengi huishia hapo. Yeye akauliza tena: wenye bunda ni wangapi? Wawili. Kwenye swichi, mlango wa nne na wa tano ina kebo. Wa sita na wa saba ni mitupu, tangu Jumamosi saa tisa alasiri.

"Kebo mbili zimehamishwa. Nipe ufunguo, ssebo," akamwambia Wandera kwa heshima ya Kiganda.

"Ufunguo wa nini? Futa bunda lote, ulitengeneze upya. Wanaojua kazi ndivyo wanavyofanya."

Mtego huo! Bunda lingefutwa, hata zile mbili zinazobeba zingeangusha mzigo, kliniki zote gizani, na amri ingesomeka kwa jina la Aryemo.

"Sifuti."

"Madamu, umesikia? Anakataa kazi."

"Jumamosi saa tisa nilikuwa hospitali ya Mulago, kwa mgonjwa wangu," Aryemo akasema. "Nani alifungua kabati?"

Shamim wa mapokezi alikuwa mlangoni na birika la chai. Mdomo haukumtulia.

"Bambi, maskini Wandera, si uliweka picha kwenye status ya simu hiyo Jumamosi? 'Kabati safi, kazi ya mwanamume.' Mimi hata nilikupa kidole gumba."

Akaitoa simu. Husnah akatazama, uso ukabadilika. Kebo zimepangwa kwa rangi: buluu kwa buluu, njano kwa njano. Wandera alizing'oa njano mbili za bunda, akazipeleka kwa njano nyingine, mlango wa kumi na wa kumi na moja, ambayo bunda haliijui.

"Kabati lilikuwa kama kichaka cha mkojo," Wandera akafoka. "Nikasafisha. Nyinyi mlizoea uchafu!"

"Ufunguo," Husnah akasema.

Wandera akauvua, akautupa sakafuni. "Okota."

Aryemo akauokota. Kabati likafunguka, akaona ubaya wa usafi: vibanio vya plastiki vimekazwa, fungu la njano limebanwa juu ya fungu la buluu zinazobeba kliniki kumi na tatu. Wembe ukiteleza, basi.

"Picha moja ikikatika ni wewe!" sauti ya Wandera ikamchapa kisogoni. "Mtazameni anavyoshika wembe!"

Akauegemeza mkono kwenye chuma, akakata kibanio cha kwanza. Njano moja ikaenda mlango wa sita. Hakugusa ya pili. Alirudi kwanza kwenye kompyuta kuuliza. Watatu. Ndipo akaenda kuichukua ya mwisho. Wanne.

Simu za Husnah zikanyamaza, moja, kisha ya pili. Saa sita na robo.

"Ufunguo ukae na Aryemo," Husnah akasema, akatoka.

Wandera akasogea karibu mno. "Usicheke. Siku yako inakuja."

"Kitendawili," Aryemo akasema.

Shamim ndiye aliyejibu: "Tega!"

"Nyumba imepambwa, waliomo wamelala njaa."

"Kabati la Wandera!"

Wandera akatoka, akaubamiza mlango hadi birika likatikisika. Aryemo akautazama utepe wa ufunguo. Bado ulikuwa na joto la shingo ya yule. Akaufuta kwa upindo wa sketi, mara mbili, ndipo akauvaa.