Shangazi Nolita Aingia Majini

Shangazi yangu Nolita Janga alijaza mitungi ya hewa ya wazamiaji kwa miaka thelathini na mmoja, na yeye mwenyewe hakuwahi kuzamia hata siku moja. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya kituo cha uzamiaji tulichofanyia kazi, kusini kidogo ya mji wa Kralendijk. Mashine ya kushindilia hewa ilinguruma humo tangu asubuhi. Wageni waliokuja kisiwani Bonaire kuona matumbawe walichukua mitungi imejaa, wakairudisha mitupu, naye akaigonga kwa kifundo cha kidole kusikiliza kilichobaki ndani. Hakukosea. Mimi nilikuwa mwalimu wa uzamiaji hapo hapo, na nakiri kwa aibu kwamba sikuwahi kumuuliza kama angependa kushuka. Hakuna aliyemuuliza. Ukoo wetu ni wa Rincon, kule kwenye vilima, watu wa mbuzi na mahindi. Bibi yangu alikuwa akisema bahari ina wenyewe.

Shangazi hakuolewa. Alichumbiwa ujanani, mchumba akaenda Uholanzi kwa kazi ya miezi sita, na mpaka leo hajarudi. "Kazi haijaisha," shangazi alikuwa akisema, na hapo ndipo mazungumzo yalipokomea.

Basi akatokea Rosendo Cicilia. Alikuwa mgane wa miaka sitini na minne, mrefu, mpole, aliyestaafu kwenye mashamba ya chumvi. Kila mahali pa kuzamia kisiwani kwetu pana jiwe la manjano kando ya barabara, limeandikwa jina la mahali hapo. Jua na chumvi hula ile rangi, na Rosendo ndiye aliyepewa kazi ya kuyapaka upya. Aliomba aweke ndoo zake za rangi kwenye kivuli cha kibanda cha shangazi. Kwa hiyo kila asubuhi alipita hapo.

Siku moja nilikuwa nyuma ya ukuta nikisuuza nguo za mpira za wageni, nikawasikia.

"Leo niko Palu Largu, Bi Nolita."

"Palu Largu?" shangazi akasema. "Ukishuka pale, shika kushoto. Kulia hakuna kitu."

"Naam, kushoto. Kwa yule chewa mkubwa."

"Yule mwenye kovu mdomoni."

"Huyo huyo."

Nusura niangushe ndoo. Alipoondoka nikaingia kibandani. "Shangazi, wewe na Palu Largu wapi na wapi?"

"Nyamaza wewe. Thelathini na mmoja, Mairena! Miaka yote hiyo nasikiliza watu wanaotoka majini. Nikisema nimefika, nimefika."

Ikawa hivyo kwa miezi minane. Rosendo alileta keki ya korosho, shangazi akamtilia kahawa, wakaongea juu ya bahari kama watu waliozaliwa humo. Mkunga wa kijani chini ya gati. Kasa anayelala na kichwa amekichomeka kwenye pango. Shangazi alianza kuvaa hereni kazini. Sikumlaumu. Nilichohofia ni siku ile ambayo mzee angetaka zaidi ya maneno.

Siku hiyo ikafika mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. "Bi Nolita," Rosendo alisema, huku akiitazama ndoo yake badala ya kumtazama yeye, "watu wawili wanaoijua bahari kama sisi, si aibu hatujawahi kuzamia pamoja? Sikukuu ya Rincon ya mwezi wa nne ikishapita, twende."

"Twende," akajibu shangazi. Mdomo ulitangulia, akili ikabaki nyuma.

Jioni ile alinijia nyumbani, hata hakukaa. "Nifundishe."

"Mwambie ukweli tu, shangazi. Atacheka, yataisha."

"Ukweli upi? Kwamba mwanamke mzima nimekaa namdanganya mgane wa watu?"

Nikampeleka kwa daktari, maana kwa umri wake bila karatasi ya daktari nisingethubutu. Daktari, kijana mdogo kuliko mimi, alimpima masikio, mapafu na moyo, kisha akamuuliza, "Mama, kwa nini sasa?"

"Kwani sasa pana nini?" shangazi akasema. Daktari akatia sahihi.

Tulijifunza saa za mchana, kwenye fukwe ambazo nilijua Rosendo hakuwa na kazi. Wiki mbili za kwanza zilikuwa za kuogelea tu, maana maji ya bahari yalikuwa hayajawahi kumpita magoti. Kisha ikaja nguo ya mpira. Kuivaa kulituchukua nusu saa. Tulivutana kama watu wanaomrudishia mbuzi ngozi yake. Nilipompa kipumulio avute pumzi ya kwanza, uso ukiwa ndani ya maji, alivuta mara tatu, akainua kichwa macho yameng'aa.

"Hewa hii nimeijaza mimi," akasema. "Hii ni ya jana."

Kilichomshinda ni miwani. Mzamiaji lazima ajue kuyatoa maji yakiingia kwenye miwani akiwa chini: unainua uso kidogo, unapuliza kwa pua, basi. Lakini kila maji yalipomgusa macho, alisimama wima na kukimbilia juu kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto. Mara kumi, mara kumi na mbili. Siku moja alitoka, akaenda nyuma ya gari langu la mizigo, nikamkuta analia. Nikakaa naye chini, nikamsugua mgongo.

"Kumbe nilikuwa naogopa," akasema. "Miaka yote nilidhani sina nafasi tu."

Nikamwambia tuache. Akajifuta macho kwa mkono wa nguo ya mpira, ambayo haifuti kitu, akasema, "Mara moja tena."

Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya sita. Nilimpeleka kwenye ghuba ndogo ya kaskazini kwa sababu Rosendo aliniambia mwenyewe kwamba siku hiyo angekuwa kusini. Tulipiga magoti juu ya mchanga, mita nne chini. Shangazi akajaza maji kwenye miwani yake, akafumba macho, akainua uso, akapuliza. Maji yakatoka yote. Akafumbua macho, na nikamwona akinitazama kupitia kioo kikavu. Nilipiga makofi, ingawa chini ya maji makofi hayana sauti.

Hapo hapo nikaona watu wawili wakija. Mmoja alikuwa Jeandro, mwalimu wa kituo kingine, rafiki yangu. Alikuwa amemshika kwa kamba ya mtungi mzee mrefu aliyechapa maji kwa miguu kama anaendesha baiskeli mlimani, mikono ikitapatapa. Kucha zake zilikuwa na rangi ya manjano.

Walitazamana. Mapovu tu yalikuwa yakipanda. Rosendo hakujua la kufanya, akainua dole gumba, kama mtu anayesema mambo ni mazuri. Lakini kwa wazamiaji ishara hiyo maana yake ni "tupande juu." Shangazi, mwanafunzi mtiifu, akapanda. Nasi ikabidi tupande.

Alipofika juu akatoa kipumulio mdomoni. "Bwana Rosendo! Yule chewa wa Palu Largu ulimwona wapi?"

"Nilisimuliwa, Bi Nolita."

"Na nani?"

"Mjerumani mmoja. Alikuwa amekanyaga ndoo yangu kwa gari, akawa ananibembeleza kwa hadithi." Akatema maji. "Na wewe? Shika kushoto, kulia hakuna kitu?"

"Na mimi nilisimuliwa."

Jeandro akacheka. Lilikuwa kosa. Shangazi aligeuka akaelekea ufukweni, akateleza kwenye mawe, na Rosendo alipomnyooshea mkono hakuushika. Garini alikaa na mapezi ya kuogelea mapajani.

"Amenichezea," akasema.

"Lakini shangazi, hata wewe..."

"Najua hata mimi. Ndiyo maana inauma."

Kesho yake Rosendo alikuja mapema, kabla shangazi hajafika, akaondoa ndoo zake zote. Siku kumi zikapita. Shangazi alijaza mitungi, akaigonga, akaenda nyumbani. Hereni akaziacha. Nilipomuuliza habari za masomo alisema ana kazi.

Ni Jeandro aliyenifumbua macho, tukiwa tunangoja kulipa petroli. "Yule mzee ameacha," akaniambia. "Na unajua alianza kujifunza lini? Mwezi wa kumi na mbili."

"Mwezi wa pili," nikasema. "Hapo ndipo alipomwalika shangazi."

"Wa kumi na mbili, Mairena. Kabla hajamwalika mtu. Kila somo anatapika, na kila wiki anarudi. Nilimwambia, mzee, bahari haikutaki. Akasema kuna mwanamke anayeijua sana, naye hataki awe mjinga mbele yake."

Nilimfikishia shangazi maneno hayo kama yalivyo. Alikuwa anafunga koki ya mtungi. Aliifunga, akaifungua, akaifunga tena.

"Anatapika?"

"Kila mara."

"Na anarudi?"

"Alikuwa anarudi."

Akachukua mitungi minne iliyojaa, miwili kila safari, akaipakia yeye mwenyewe kwenye gari langu. "Mpigie Jeandro," akasema. "Mimi na wewe twende tukamtafute."

Tulimkuta kwenye barabara ya kusini, amepiga magoti mbele ya jiwe, brashi mkononi. Punda wawili walikuwa wamesimama karibu wakimtazama. Alipotuona hakusimama. Shangazi akashuka, akakaa kwenye changarawe kando yake, yeye ambaye hakai chini bila kutandika kitu.

"Kwa nini hukuniambia?" akamuuliza.

Rosendo alichovya brashi, hakupaka. "Naandika majina haya kila mwaka. Watu wanashuka hapa, wanatoka wanacheka, wanakumbatiana. Mimi nimebaki na rangi. Uliponiuliza kama namjua yule chewa, nikatamani sana niwe namjua."

"Sikukuuliza. Wewe ndiye uliyemtaja."

"Basi nilitamani uniulize."

Shangazi akacheka kidogo, puani. Kisha akasema, "Vaa."

"Sasa hivi? Nolita, mimi natapika."

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia akimwita jina bila "Bi". Shangazi naye aliisikia, nilimwona akitega sikio.

"Tapika. Mairena anasema mtu hutapikia humo humo kwenye kipumulio, na samaki wanafurahi. Vaa, Sendo."

Jeandro alipofika na vifaa vya Rosendo, tuliwakagua mara mbili, kila mwalimu na mwanafunzi wake, tukaingia. Tuliteremka polepole mpaka mita sita, pale mchanga unapokwisha na matumbawe yanapoanza. Sitawaficha: mengi yalikuwa yameugua miaka ile. Mengine yalisimama meupe kama chokaa. Nilihuzunika kwa ajili ya wale wawili, wamesikia uzuri miaka mingi kiasi kile, na wanafika wakati huu. Lakini shangazi hakuwa anatazama yaliyokufa. Alikuwa akielea wima majini, kichwa ameinamisha upande mmoja. Akanigeukia, akaonyesha sikio lake.

Nikasikiliza. Pono. Kundi zima la samaki hao walikuwa wanatafuna mwamba kwa meno yao, kra, kra, kra, kama mbuzi kwenye mabua ya mahindi. Mimi nilikuwa nimeizoea sauti hiyo mpaka siisikii tena. Yeye katika miaka yake yote ya kusikiliza wazamiaji hakuwa ameambiwa na yeyote kwamba kule chini kuna sauti.

Rosendo alitapika, kama alivyoahidi. Shangazi akamshika jaketi lake la kuzamia kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akamwekea mgongoni, akautuliza pale. Samaki wadogo wakaja kwa mamia, wakamzunguka mzee mpaka nikawa namwona nusu. Alipotulia aliwatazama mmoja mmoja, akiwa amesahau kabisa kuona haya.

Mbele kidogo palikuwa na samaki mwenye mistari, mdogo kama kidole, akilinda mayai yake yaliyobandikwa kwenye mwamba. Rosendo alipokaribia, yule samaki alimvamia, akamgonga kwenye kioo cha miwani, akarudi, akamvamia tena. Mzee akarudi nyuma mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Shangazi akacheka. Ukicheka chini ya maji mashavu yanainuka na miwani inavuja, na yake ilijaa mpaka kwenye nyusi. Nilinyoosha mkono nimshike. Akanizuia kwa kiganja, akafumba macho, akainua uso, akapuliza.

Tulikaa chini dakika thelathini na nane. Walitoka wameshikana mikono, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia, hata pale kwenye mawe ambapo mtu mwenye busara anahitaji mikono yote miwili.

Tulikula nyuma ya gari, sima baridi na samaki wa kukaanga, miguu ikining'inia.

"Wale watu wote," shangazi akasema, "hakuna aliyeniambia kwamba kuna kelele."

"Na mimi hakuna aliyeniambia kuna samaki mkali vile," Rosendo akasema.

"Mimi nitakuwa nakwambia."

"Na mimi nitakwambia wewe."

Njiani shangazi alisinzia, kichwa begani kwa Rosendo, chumvi imemkaukia usoni. Rosendo hakusogeza bega mpaka mjini, ingawa najua lilimwuma, maana lilikuwa ndilo bega alilobebea mtungi.

Walifunga ndoa mwezi wa tisa kanisani Rincon. Baba yangu, ambaye ni kaka mkubwa wa shangazi, mfuga mbuzi wa miaka sabini na mbili asiyependa hata mvua, alikaa mezani siku nzima. Watu walipoanza kucheza, alimsogelea dada yake, akamshika kiwiko.

"Nolita," akamwambia kwa sauti ya chini, "ile nguo ya mpira, kuna ya saizi yangu?"

Shangazi akamwekea mkono shavuni.

"Ipo," akasema. "Njoo Jumamosi."