Mnyororo Dirishani

Mama Cherehani alikuwa akipinda suruali ya afisa wa kazi pale dirisha lake la nyuma lilipoanza kuleta mwanga wa miaka sita iliyopita. Kiwanda cha magodoro, ambacho siku hizi ni uwanja wa kuegesha magari, kilikuwa kimesimama na paa lake, na watu wa zamu ya asubuhi walikuwa wakiingia. Mumewe alikuwa wa nne. Alivaa lile shati la buluu lenye kifungo kimoja pungufu. Mama Cherehani alikuwa amemwahidi kukishona jioni.

Akamwita jirani yake, mwalimu mstaafu wa fizikia.

"Mwanga una safari yake, shemeji," mwalimu alisema, akifuta miwani. "Huu umekawia tu. Kawia ufike."

Saa nne kasorobo msimamizi wa kiwanda alitokea, akafunga mlango kwa nje kwa mnyororo, akaenda kunywa chai. Moshi ukaanza. Ripoti ya moto ule ilisema mlango ulikuwa wazi na marehemu walijichelewesha wenyewe. Mama Cherehani, kama wajane wengine, alikuwa ametia dole gumba chini ya ripoti hiyo.

Afisa aliyeandika ripoti hiyo akaingia kuchukua suruali. Alitazama dirishani, hana haraka.

"Kweli, kumefungwa," alisema.

"Basi utaandika upya?"

"Mama, faili lile lina miaka sita. Yaliyopita si ndwele."

Mama Cherehani alimgeukia mwalimu. "Mwanga huu ukitoka hapa unakwenda wapi?"

"Mbele tu. Kama ulimwengu hauna mwisho, hautarudi. Kama una mwisho, huenda ukazunguka wote ukatokea tena dirishani."

"Lini?"

"Sisi hatutakuwepo, shemeji. Na ukigonga ukuta wako, safari imekwisha."

Mama Cherehani akaenda kufungua mlango wa mbele, akauzuia kwa pasi ya mkaa usijifunge. Mwanga ukapita juu ya meza, juu ya chaki na mkasi, ukatoka hadi barabarani. Mumewe alikuwa ndani yake, akipiga kioo cha kiwanda kwa viganja. Sauti haikuwamo.

"Sogea kidogo, baba," alimwambia afisa. "Unauziba."

Afisa akasogea. Akaijaribu suruali nyuma ya pazia, akatoka, akasema urefu uko sawasawa. Mama Cherehani akamwambia suruali yake nyingine, ile ya kijivu, aifuate kesho.