Nyuki kwenye Ufagio wa Tanuri

Niliposikia neno "umechanganya", nilitamani kumwagia mtu kahawa.

Daktari Lucília alikuwa amekuja kutoka chuo kikuu na visahani viwili vya kioo. Kila mwaka nampa gundi ya nyuki wangu, ile ya kijani wanayozibia nyufa za mzinga, naye anaijaribu kwa bakteria wa vidonda. Akaviweka mezani kando ya mikate ya jibini. Kwenye kisahani cha mwaka jana, katikati ya utando wa bakteria palikuwa na duara safi, pana kama kifungo cha koti. Hapo gundi yangu iliwamaliza wote. Kwenye cha mwaka huu duara lilikuwa dogo la kutia huruma.

"Na rangi imekuwa kahawia, Dona Zenaide. Wenzangu wanasema umechanganya na utomvu wa mkaratusi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema nina wiki moja. Ukinipa sababu, unabaki kwenye utafiti. Usiponipa, jina lako linafutwa, na sitakuwa na la kukutetea."

Miaka ishirini na mbili nafuga nyuki kwenye vilima hivi vya Minas, huku Brazili, hakuna aliyewahi kuniita tapeli. Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Lakini hasira haijibu swali, na swali lenyewe lilinikaa kichwani kama mwiba. Mizinga ni ileile na maji ni yaleyale. Kimebadilika nini?

"Labda nyuki wamezeeka," alisema mume wangu, Onofre.

"Nyuki anaishi wiki sita, mzee wewe. Wa mwaka jana walishakufa wote."

"Basi hawa vijana wao ndio wavivu."

Uvivu Onofre anauogopa kuliko moyo wake, na huo moyo ulimlaza miezi mitano. Huku kwetu mwanamume hupimwa kwa malisho yake, na yetu yaliota vichaka mpaka majirani wakawa wanauliza kama tumehama. Alipopata nguvu, kitu cha kwanza kushika kilikuwa fyekeo. Alifyeka kidogo kidogo, akamaliza hata kilima cha nyuma kilichokuwa kichaka tangu enzi za baba yangu. Kisha akanishika mkono. "Njoo uone zawadi yako." Kilima kilikuwa kitupu, hata paka hakuwa na pa kujificha. Siku ile nililia kwa furaha.

Siku nne nilichunguza kila kitu. Nilinusa nta, nikaonja maji, nikakaa mbele ya mizinga hadi mgongo ukalalamika. Sikuona kitu.

Siku ya tano ilikuwa Jumamosi, siku ya kuoka kwenye tanuri kwa mara ya kwanza tangu Onofre augue. Tanuri la udongo hufagiwa makaa kwa matawi mabichi ya alekrimu, kichaka cha porini chenye kunukia, yaliyofungwa kwenye mti, ndipo mikate inapata ile harufu yake. Nilizunguka shamba zima nisione hata tawi moja. Ikabidi nikaombe kwa jirani yetu Tarcísio. Nikafunga ufagio, nikauegemeza ukutani, nikaingia ndani kuchukua unga.

Niliporudi, ufagio ulikuwa umejaa nyuki.

Ua halikuwepo hata moja. Nikavaa miwani, nikasogea hadi pua ikawa karibu kuumwa. Nyuki mmoja alikuwa anatafuna chipukizi changa, anavuta, anakwaruza, kisha anapachika kitu kwenye mguu wa nyuma. Kilikuwa kidonge cha kijani, kijani ileile ya gundi yangu! Nilipiga kelele peke yangu uani kama mwendawazimu, kisha nikampigia simu Lucília, nikamweleza habari za nyuki na kilima kilichofyekwa.

"Nyuki hawapiki hii dawa, wanaiokota," alisema, naye sauti ilikuwa juu. "Atepilini, ile kemikali ya kuua bakteria tunayoipima, yote imo kwenye hayo machipukizi. Kuua bakteria kwenye kisahani bado si kumponya mtu, lakini pasipo alekrimu hatuna hata cha kuchunguza. Nani kaifyeka?"

Jina langu lingeokoka kwa kuchafua jina la Onofre.

"Nitakupigia," nikasema.

Nilipogeuka, Onofre alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amefuata kelele zangu, maana mikate ilikuwa bado unga. Aliwatazama nyuki muda mrefu, akatazama kilima.

"Wanachuma alekrimu."

"Ndiyo."

"Si nimekufyekea dawa yako yote, mama."

Nilimshika mkono.

"Mpigie daktari. Mwambie ni mimi. Mtajie jina na ukoo."

Nikabaki kwenye utafiti. Alekrimu ukiiacha inarudi yenyewe, kwa hiyo Onofre alichomeka fyekeo juu ya dari la ghala. Mvua zikaja. Kilima kikawa kichafu kuliko wakati wa ugonjwa wake.

Jumapili moja Tarcísio alipita barabarani na farasi wake, sisi tumekaa kibarazani.

"Onofre! Fyekeo limekushinda, au mke kakulegeza?"

Nilifungua mdomo nimweleze habari za visahani na machipukizi. Onofre akaniwekea mkono gotini. Huku ukieleza kwa nini hufyeki, wanasema mvivu hakosi kisingizio.

"Limenishinda, kaka!" akajibu kwa sauti ya kufika hadi barabarani.

Tarcísio akacheka, akaenda zake. Onofre akanywa kahawa yake hadi mwisho, kisha akaniuliza polepole kama nyuki wameshayaona yale machipukizi ya karibu na uzio.