Mbona Mnawarudisha?

Josepha alikuwa ameahidi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Alimwahidi baba yake kwamba Jumapili ya Pasaka, alfajiri, atasimama naye makaburini kijijini kwao, Goweko. Akamwahidi na kaka yake kwamba alfajiri hiyo hiyo atakuwa naye kwenye simu, ndani ya gemu. Ahadi ni deni, watu husema, lakini hawasemi mtu afanye nini akiwa amewaahidi wawili wasiosemezana.

Maana Mzee Mathias na mwanawe Adriano walikuwa hawasemezani. Ilikuwa miezi minane sasa tangu alipozikwa Agnetha, mke wa mmoja na mama wa mwingine. Adriano anakaa Dodoma, fundi wa kufunga umeme wa jua. Alipopigiwa simu kwamba mama amefariki alipanda basi la kwanza, basi likaharibikia Manyoni, na alipofika Goweko mama alikuwa keshazikwa jana yake jioni. Aliambiwa ndivyo wazee wa kanisa walivyoamua. Hakubisha, na kaburini hakwenda. Alisimama uani kwa shangazi dakika chache, begi bado begani, akasema hakusafiri kuja kuamkia udongo, akarudi alikotoka. Tangu siku hiyo salamu zake kwa baba zilipitia kwa Josepha, na zilikuwa fupi.

Kilichobaki kati ya kaka na dada ni gemu. Cheka ukitaka, wengi hucheka. Inaitwa Ngome Saba, na kila jioni saa mbili Josepha, akishafunika cherehani yake pale Ipuli anakoishi na baba yake, huchomeka waya masikioni na kumkuta Adriano anamsubiri kwenye lango la ngome. Wa tatu wao ni Nidhi, shoga yake, ambaye wazazi wake wana duka mjini ambako Josepha hununua vitambaa. Hicho ndicho kikosi. Walipigana na majitu huku wakiongea mambo ya kawaida, bei ya nyanya Dodoma, mteja aliyekataa gauni baada ya kulivaa harusini. Habari za mama hazikutajwa. Josepha aliridhika na hicho kidogo, kwa kuwa alimjua kaka yake. Akijitoa kwenye kikosi hatapiga simu. Ataondoka moja kwa moja, kama alivyoondoka pale uani.

Sasa, watengenezaji wa Ngome Saba, walioko sijui nchi gani, wana kawaida ya kuleta misheni maalumu kila sikukuu inapofika. Krismasi waliwaambia wachezaji wamvizie mzee wa zawadi njiani wampore gunia. Diwali, sikukuu ya taa ya kina Nidhi, waliwaambia wavunje kwa mishale taa elfu moja za udongo zilizowashwa milangoni mwa watu, na kila taa iliyozimika ilitoa sarafu. Nidhi alishazima mia tatu na ushee bibi yake Dolatbai alipochungulia na kuuliza hao ni watu wa dini gani, wanaozima taa siku ile. Nidhi aliwasimulia wenzake, wakacheka wote. Lakini hakuzima nyingine baada ya hapo. Alisema mkono umechoka.

Misheni ya Pasaka ilikuwa hivi. Makaburi ya ngome yanafunguka, wafu wanatoka taratibu katika nguo walizozikwa nazo, na mchezaji anawapiga kwa jembe mpaka warudi chini. Kila anayerudi anaacha yai la rangi. Kikosi kikifikisha mayai mia tano kinafunguliwa mlango wa mwisho, Jumapili saa kumi na moja alfajiri, na saa moja unafungwa. Lazima wawepo wote. Zawadi yake ni joho jeupe. Adriano alilitaka joho hilo kwa namna iliyomshangaza dada yake, naye alikuwa akipiga wafu tangu Jumatatu bila kupumzika. Mayai mia tatu yalikuwa yake peke yake. Alimwambia Josepha asije akamwangusha, kwamba hana mtu mwingine aliyebaki. Josepha akasema ndiyo. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa ameshamwambia baba yake ndiyo.

Hapa lazima nimweleze asiyeijua Pasaka ya Wamoravian. Wao hawangoji ibada ya saa nne. Kungali giza wanakwenda makaburini, wazee kwa watoto, matarumbeta mbele, na jua linapochomoza linawakuta katikati ya wafu wao. Makaburi yamepaliwa na kupakwa chokaa tangu Jumamosi. Halafu mchungaji husoma majina ya waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Pale Goweko jina likisomwa, watu wa nyumba ya marehemu husimama wote, na jina linalofuata likitajwa huketi. Nyumba inayosimama pungufu huonekana, na Goweko si mahali pa kusahau kilichoonekana.

Mzee Mathias, mstaafu wa reli, amepuliza tarumbeta katika alfajiri hizo kwa miaka thelathini na minane. Ana kauli yake kwamba mababu zetu wapagazi walifia njiani, kutoka hapa mpaka pwani, wakaachwa vichakani na mizigo ikaendelea na safari. Basi sisi angalau tusome majina. Mwaka huu jina lilikuwa la mkewe. Hakumwomba Josepha amwite Adriano. Alimwuliza mara moja tu, akiwa anafuta tarumbeta kwa kitambaa, kama watasimama wao wawili tu. Josepha akajibu hajui, na moyo ukamuuma kwa sababu alijua.

Ijumaa Kuu jioni mzee alirudi nyumbani kutoka kwenye somo la kanisani, akavua viatu, akaketi karibu na binti yake sebuleni. Josepha alikuwa ndani ya gemu, maiki wazi. Mzee hana tabia ya kuchungulia mambo ya watu, lakini jioni hiyo nyumba ilikuwa kimya mno, akachungulia. Akaona kaburi limefunguka, na mwanamke mtu mzima amekaa kitako ndani yake, anajipangusa vumbi usoni. Mwanamke akainuka. Nyuma yake akainuka mwingine, na mwingine.

Mzee Mathias akatabasamu. Kosa hilo angelifanya Mmoravian peke yake. Mtu mwingine yeyote angeona mazimwi. Akasema taratibu kumbe na hao wenye gemu wanaijua Pasaka. Akauliza kama inachezwa na watu wengi, na Josepha akajibu ni mamilioni, nchi zote. Mzee akatikisa kichwa kwa furaha ambayo binti yake hakuwa ameiona usoni pake tangu Agosti. Alisema alidhani michezo hii ni ya kuuana tu, na kumbe vijana wanaonyeshwa ufufuo. Josepha akaona aibu.

Ndipo jembe la Adriano likaingia kutoka upande wa kushoto wa kioo, likamshukia yule mwanamke kichwani. Likamshukia tena. Mwanamke akarudi chini, pakabaki yai la samawati.

Mzee akauliza bila ukali, kama mtu anayetaka kuelewa: "Mbona mnawarudisha?"

Masikioni Josepha alisikia pumzi ya Adriano ikikatika, akajua kaka yake ameisikia sauti ile. Kidole chake kikaenda kwenye kitufe cha kuzima maiki.

"Mimi napuliza ili waamke," mzee aliendelea, macho bado kwenye kioo. "Lakini nisiwaseme ninyi. Mama yako nilimrudisha upesi mimi mwenyewe. Wazee walitaka tumsubiri Adriano mpaka asubuhi. Mimi ndiye niliyekataa. Niliona siwezi kulala usiku wa pili na lile jeneza ndani. Niliogopa, mwanangu. Halafu nikaacha lawama wazibebe wao."

Mtoto mwenye adabu humsitiri mzazi wake. Josepha alifundishwa hivyo na mama yake, na kitufe kilikuwa chini ya kidole. Lakini alikuwa amechoka kubeba salamu fupi kati ya watu wawili, na amechoka zaidi kuwa yeye peke yake ndiye familia. Akaondoa kidole. Nasema aliondoa, si kwamba alisahau. Hata yeye mwenyewe baadaye hakutafuta kisingizio.

Kwenye kioo Adriano alikuwa amesimama katikati ya makaburi, jembe limeshuka. Wafu walimpita kulia na kushoto, naye hakumgusa hata mmoja. Nidhi akauliza kwa sauti ndogo kulikoni, asijibiwe. Baada ya dakika mbili hivi jina la Adriano likafifia kwenye orodha, ikawa ameondoka.

Josepha alimwandikia ujumbe, haukusomwa. Akaandika wa pili. Aliogopa kweli sasa, kwamba kwa kidole kimoja amewapoteza wote wawili, kaka aliyekwisha kuondoka na baba ambaye lazima ajue. Nidhi ndiye aliyepiga simu. Akaelezwa yote, akasema jambo ambalo Josepha alilifikiria usiku ule wote. Alisema wanaotengeneza misheni hizi wanaiangalia sikukuu ya mtu kupitia dirishani. Wanaziona taa, wanayaona mayai na makaburi, wanapenda rangi zake, ila hawajui vimewekwa pale kwa kazi gani. Josepha akasema hawana nia mbaya. Nidhi akakubali kwamba hawana, akaongeza kuwa hata yeye alizima taa mia tatu bila nia mbaya. Kisha akamwambia aende Goweko, na kwamba lile joho lisingempendeza mtu hata hivyo.

Jumamosi walikwenda, yeye na baba yake. Walipalia kaburi la Agnetha, wakakoroga chokaa, na baba akashika brashi. Josepha hakutaka Pasaka imkute na siri. Akamwambia kwamba Ijumaa jioni maiki ilikuwa wazi, na Adriano amesikia.

Mzee aliiweka brashi chini. "Yote?"

"Yote, Baba."

"Ulifanya makusudi?"

"Ndiyo."

Mzee hakumgombeza. Aliondoka akapita kando ya mashamba ya tumbaku, akaenda huko hata jua likazama, na Josepha akamalizia kupaka chokaa peke yake huku machozi yanamtoka. Mzee aliporudi alikula ugali wake, akauliza kama kuna maji ya kunawa, akalala. Hakuna adhabu ambayo Josepha angeiona nzito kuliko ukimya huo.

Alfajiri ya Pasaka Josepha alizima simu akaiacha ndani ya nyumba ya shangazi walikofikia. Ilikuwa karibu saa kumi na mbili. Mlango wa Ngome Saba ulikuwa wazi wakati huo, na kama Adriano alikuwa ameusimamia huko Dodoma, alikuwa anamngoja bure. Josepha alijua hivyo na bado akatembea nyuma ya matarumbeta, khanga ya mama yake mabegani. Makaburini watu waliketi kwenye mikeka, kila nyumba kando ya wake. Baba alikuwa mbele na wapulizaji wenzake. Josepha aliketi peke yake kando ya chokaa mbichi.

Mbingu ilikuwa inaanza kupauka mtu alipokuja kwa njia ya shuleni, anatembea haraka, begi begani. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Lori lilimshusha njiani usiku, akamalizia kwa bodaboda na kwa miguu. Alipitia makaburi mawili akisoma misalaba, kwa kuwa hakujua la mama liko wapi, mpaka dada yake alipoinua mkono. Alifika, akaliangalia. Akaketi upande wa pili wa kaburi, si upande wa Josepha.

Wimbo ulipokwisha Mzee Mathias aliwaachia wenzake tarumbeta akaja. Alimwona mwanawe akiwa bado mbali, hatua zake zikapungua, lakini hakusimama.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Sikuja kwa ajili yako," Adriano alisema.

"Najua," baba alijibu. "Kaa tu."

Mzee naye akaketi, Adriano upande ule, yeye na Josepha upande huu, kaburi katikati. Josepha alitaka mmoja wao aongeze neno. Hawakuongeza. Mchungaji alifungua karatasi yake akaanza kusoma, polepole, na nyumba moja baada ya nyingine ikasimama na kuketi. Lilipotajwa jina la Agnetha walisimama watatu, na watu wa Goweko, ambao hawasahau, walihesabu watatu.

Jina lililofuata lilikuwa la mzee mmoja mfuga nyuki, na jamaa zake wakainuka kule mwisho. Huo ndio wakati wa kuketi. Mzee Mathias alikuwa ameshakunja goti alipoona kwamba Adriano hajaketi. Alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, macho kwenye kaburi, kama mtu ambaye maziko ndiyo kwanza yameanza na yeye amewahi. Baba akalinyoosha goti. Josepha naye hakuketi. Yalisomwa majina mengine kumi na moja, na muda wote huo watu wa nyumba ya Agnetha walikuwa wamesimama.