Maji Yaliyokataa Kutakata

Pale maabara ya udongo walimwita Jino, na jina hilo hakulipata kwa kuuma watu. Kwa miaka thelathini na minne alichukua vumbi lililopenya chekeche la mwisho, lile lenye matundu yasiyoonekana kwa macho, akaliweka kati ya meno ya mbele na kulisaga taratibu. Likikwaruza, ni silti, chembe laini kuliko mchanga. Likiteleza kama siagi, ni udongo wa mfinyanzi. Machekeche yalitenga kokoto na mchanga. Yalipofika mwisho wa uwezo wao, Jino alimalizia.

"Chekeche halina ulimi," alipenda kusema.

Jana uliletwa udongo wa kiwanja cha wodi ya wazazi. Jino alionja, akatema, akaandika: silti. Msingi mfupi ungetosha. Zege lingemwagwa leo saa nane mchana.

Asubuhi alipoingia, alikuta silinda ya kioo juu ya meza ya mpwa wake, binti wa dada yake, aliyemfundisha kazi mwenyewe. Maji yaliyokuwamo yalikuwa ya kahawia toka chini hadi juu.

"Nini hii?"

"Udongo wa wodi, Mjomba. Niliutia maji na dawa ya kutenganisha chembe, jana saa tisa."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

Jino alitazama saa ya ukutani. Saa mbili. Silti haikeshi majini. Ina uzito wake, hushuka, na kufikia asubuhi maji yametakata. Kinachoelea usiku kucha ni mfinyanzi, udongo unaovimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua, ukapasua kuta zilizojengwa juu yake. Hayo aliyajua kabla mpwa wake hajazaliwa.

"Umeitikisa."

"Sijaigusa."

"Basi dawa umezidisha."

"Nimeipima kwa mizani, Mjomba. Karatasi hii hapa."

"Yai leo linamfundisha kuku kutaga!" Jino alicheka, midomo imefumbwa. Mwezi wa sita huu alikuwa akicheka hivyo.

Mhandisi aliingia na buti zake za matope, simu sikioni. "Jino, tia sahihi niondoke. Malori yanapakia." Akaiona silinda. "Na hiyo?"

"Mazoezi ya mtoto," Jino alijibu upesi.

Binti aliivuta karatasi yake ya vipimo pembeni.

Jino akashika kalamu. Karatasi ilikuwa mbele yake, na neno silti kwa mwandiko wake mzuri. Jana, alipoonja, punje moja ya mchanga ilimwingia chini ya ufizi wa plastiki, ikamchoma, na kuanzia hapo kila kitu kilikwaruza. Alijua pale pale kwamba hakuwa amesikia chochote cha kuaminika. Akaandika hivyo hivyo. Na sasa wanawake wangelazwa chini ya kuta hizo, na watoto wa siku moja ubavuni mwao.

"Vipi, mzee wangu, wino umekauka?" mhandisi alimtania.

Jino akaweka kalamu chini. Aligeukia ukuta, akatia vidole kinywani, akatoa safu nzima ya meno ya juu na kuiweka juu ya karatasi.

"Yaliyoonja ni haya," alisema, maneno yakivuja hewa. "Si mimi. Zuia malori."

Mhandisi aliyatazama meno, akaitazama silinda. Hakucheka. Alitoka mbio, na sauti yake ikasikika ukumbini: "Wasimwage! Nasema wasimwage hata ndoo moja!"

Walibaki wawili tu maabarani.

"Ulijua?" Jino aliuliza.

"Glasi yako ya kulowekea meno huwa dirishani, Mjomba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi?"

Jino alipiga mstari juu ya neno lake, akamsukumia kalamu.

"Andika mfinyanzi. Na sahihi iwe yako."

Binti aliandika, akatia sahihi. Mjomba wake alingoja mpaka wino ukakauka, kisha akayachukua meno yake, akaenda kuyasuuza kwenye sinki la kuoshea machekeche, mbele ya macho ya mpwa wake, bila kumpa kisogo.