Dar es Salaam Iko Upande wa Jua

...na huyu naye kwa nini asikimbie na wenzake, Restuta, mwanangu, leo kati ya siku zote, filimbi imeshalia, nimeshasema kwa sauti ambayo hata muuza maandazi nje ya uzio ameisikia, lori limejaa mahindi Kibaigwa, linakwenda Dar es Salaam, haya kimbieni, na darasa la nne zima limekwenda, kila mmoja na gunzi lake mkononi, wamerundikana kwenye pwani niliyoichora kwa majivu, wanasukumana, mmoja ameshaanguka baharini, na huyu mmoja kaenda upande wa pili kabisa, peke yake, amesimama Kigoma, ametupa mgongo, gunzi kifuani, uso kwenye jua... Dar iko Kigoma! wanamcheka, Dar iko Kigoma!, na pale verandani mwalimu mkuu, Mwalimu Bartolomayo, anakohoa kile kikohozi chake kisicho cha mafua, na pembeni yake Mama Evarista, mthibiti ubora aliyekuja kutukagua, anaandika, anaandika nini huyu mama, hata kichwa hainui... Mwalimu Adija, aliniambia mkuu asubuhi, shikamoo yangu hajaiitikia vizuri, watoto wakivuruga mbele ya mgeni, Jumatatu tunarudi kuimba mikoa ubaoni, mambo ya kucheza yaishie chekechea, nikasema sawa mwalimu, na moyoni si sawa hata kidogo, maana kuimba mimi nakujua, niliimba mikoa yote bila kukosea nikapewa daftari la zawadi, na jioni ileile baba, fundi cherehani, Mungu amrehemu, akaniuliza, haya, kaskazini iko wapi, nikanyoosha kidole kwenye bati, kwa sababu ubaoni kaskazini ilikuwa juu, akacheka mpaka uzi ukamchomoka kwenye sindano, kaskazini ni huko unakosujudia, we mtoto, unaelekea huko mara tano kwa siku halafu unaniambia iko darini... ndiyo maana nachora chini, waikanyage nchi kwa miguu yao, na wamebadilika jamani, wasiosema wanasema, hata Restuta, wiki tatu tu tangu aje Nzuguni kwa shangazi yake kutoka Kibaigwa, Kigogo anakimwaga, Kiswahili anakitoa kwa kupima, juzi alicheka kwa mara ya kwanza, amesimama Singida anacheka, nikarudi nyumbani nimefurahi mpaka nikaunguza maharage... na leo ndiye atakayenizamisha, nimwambie nini, nikisema umekosea, hatafungua mdomo tena mpaka amalize la saba... Restuta, Dar iko wapi, najisikia nauliza, filimbi imening'inia kwenye mdomo, naye anageuza shingo tu, miguu haijasogea, huku mwalimu, huku wapi mama, huku kwenye jua, baba ni utingo wa lori, wakiondoka Kibaigwa asubuhi kwenda Dar jua linawachoma machoni, baba anashusha kofia... wanaangua kicheko, kofia!, lakini ngoja, ngoja kwanza, kwenye jua, saa tatu hii jua liko upande wake, na pwani yangu iko kwenye vyoo, na jua huzama wapi, nyuma ya vyoo, kila siku nikifunga darasa linazama nyuma ya vyoo... nilichora alfajiri, jua halijatoka, nimesimama verandani natazama mlingoti wa bendera, nikaweka kaskazini mlingotini kwa sababu mlingoti uko mbele na bendera iko juu, na adhuhuri nikitandika mkeka wangu stoo kuswali, bendera huwa wapi, Adija, huwa mgongoni, siku zote iko mgongoni mwangu, kusini... yaa Rabi, nimeipindua Tanzania nzima, watoto arobaini nimewapeleka pwani kwenye machweo, kidole bado kiko kwenye bati, baba, umri wote huu bado kiko kwenye bati... na hakuna aliyeona, mkuu hajaona, Mama Evarista anaandika, kwenye karatasi yake ni mtoto mmoja tu aliyekosea kati ya arobaini, si vibaya hata kidogo, mkuu atatabasamu, majivu yatabaki, natakiwa kusema tu rudi Restuta, njoo huku kwa wenzako, maneno sita mchezo umepona... umepona kwa nani, kwake yeye je, ambaye ameisoma nchi kwenye kofia ya baba yake, hajaimba, hajakariri, amesimama dhidi ya darasa zima kwa sababu anajua, mbona hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta, nimekipata halafu nikifunike, haya usoni ninayo, na hofu ninayo, lakini hii iliyonijaa kifuani ni furaha, sina jina lingine, furaha... Mwalimu, tuendelee, anasema mkuu, anakohoa tena, na Restuta hajasogea, gunzi bado kifuani, kicheko hakijaisha, kalamu haijasimama, filimbi bado iko mdomoni mwangu na sasa hivi nitaipuliza, wanyamaze wote, asikie mkuu, asikie na mama mwenye kalamu aandike vizuri, mwalimu wenu amepotea, aliyefikisha mahindi Dar ni Restuta peke yake, geukeni, mfuateni.